Namba ya tarakimu 21 iliyoficha vigawo vyake kwa miaka 259

Andika mbili 67, zizidishe zote pamoja, kisha toa moja. Jibu ni 147,573,952,589,676,412,927. Mwaka 1644, mtawa wa Kifaransa Marin Mersenne aliiorodhesha miongoni mwa namba tasa, yaani zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Uthibitisho hakutoa.

Mwaka 1876, Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, alionyesha kuwa si tasa, na cha kustaajabisha ni kwamba hakutaja kigawo chake hata kimoja. Jaribio lake, kama lilivyorahisishwa baadaye na Mmarekani Derrick Henry Lehmer, huanza na 4. Unaizidisha kwa yenyewe, unatoa 2, unagawanya kwa namba inayopimwa na kuchukua baki tu. Kwa namba yetu unarudia hivyo mara 65. Baki la mwisho likiwa sifuri, namba ni tasa. Lisipokuwa sifuri, vigawo vipo, lakini jaribio halikwambii ni vipi.

Vilijulikana Oktoba 1903, kwenye mkutano wa wanahisabati mjini New York. Profesa Frank Nelson Cole wa Chuo Kikuu cha Columbia alivionyesha: 193,707,721 na 761,838,257,287. Inasimuliwa kwamba hakutamka neno. Alizidisha ubaoni, jibu likalingana na namba ya Mersenne, akarudi kuketi huku akipigiwa makofi.

Cole hakuwa akibahatisha. Kila kigawo tasa cha namba hii, kikigawanywa kwa 134, ambayo ni 67 mara mbili, lazima kibakize 1. Hakiki mwenyewe: 134 mara 1,445,580 ni 193,707,720, ongeza 1. Hata kwa msaada wa sharti hilo, anayepima moja baada ya nyingine atapitia namba zaidi ya milioni 1.4 kabla ya kukifikia kigawo kidogo. Naye hakuwa na kompyuta.

Kwangu mimi, uzito wa habari hii uko hapo: kuzidisha ni kazi ya dakika chache, kurudi nyuma kutafuta vigawo ni kazi ya kuchosha mno. Mwaka 1977, Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman waliigeuza tofauti hiyo kuwa kufuli la siri, RSA, ambalo bado linalinda mawasiliano mengi ya intaneti. Kufuli la kawaida leo ni zao la namba tasa mbili, lenye tarakimu 617. Mwaka 2020 watafiti walifanikiwa kupata vigawo vya namba ya RSA yenye tarakimu 250, kwa kutumia kompyuta nyingi kwa pamoja.

Walimu wa hisabati, msiishie kwenye 2, 3, 5 na 7. Wapeni wanafunzi namba mbili za Cole, karatasi na kalamu, wazizidishe wenyewe hadi tarakimu ya mwisho.