Mtoto Naye Ana Haki Mbele ya Hakimu

Wazee wetu walisema, samaki mkunje angali mbichi. Neno hilo ni la kweli, nasi hatulipingi. Lakini leo twapenda kumwuliza msomaji: ni nani amkunjaye, na kwa sheria gani?

Zamani, katika nchi nyingi, mtoto mwizi alitiwa gerezani pamoja na wezi wakubwa, akatoka humo amehitimu wizi. Watu wema wa mji wa Chicago, Marekani, wengi wao wanawake, waliupinga uovu huo, na mwaka 1899 ikafunguliwa huko mahakama ya kwanza ya watoto. Hakimu wake alikusudiwa awe mzazi, si mwadhibu. Na kwa kuwa mzazi hahitaji mawakili wala mashahidi nyumbani mwake, mahakama za namna hiyo, zilipoenea, ziliacha mengi katika desturi za sheria. Nia ilikuwa njema. Na tuyatazame matunda yake.

Tarehe 8 Juni 1964, katika mji wa Globe, jimbo la Arizona, kijana wa miaka 15, Gerald Gault, alikamatwa kwa madai kwamba alimtolea jirani, mwanamke, maneno machafu kwa simu. Baba na mama yake walikuwa kazini. Hakuna aliyewapasha habari. Mama aliporudi jioni hakumkuta mwanawe, wala hakuachiwa hata barua. Mfanyakazi mwenye watoto ataelewa uchungu wa jioni ile.

Ni kweli, kijana huyo alikuwa tayari chini ya uangalizi wa mahakama, kwa kuwa alifuatana na mwenziwe aliyeiba pochi. Lakini je, alihukumiwaje? Mlalamikaji hakufika mbele ya hakimu. Hakuna aliyeapishwa. Wakili hakuwapo. Yaliyosemwa hayakuandikwa. Tarehe 15 Juni, siku saba tu tangu kukamatwa, hakimu aliamuru apelekwe shule ya maadilisho mpaka atimize miaka 21, isipokuwa aachiliwe mapema. Mtu mzima kwa kosa hilo angetozwa faini ya dola 5 hadi 50, au kufungwa muda usiozidi miezi 2. Mtoto, kwa jina la huruma, alikabiliwa na miaka 6!

Sheria ya jimbo hilo haikumruhusu mtoto kukata rufani. Hata hivyo wazazi wake hawakukata tamaa; walitafuta njia nyingine ya sheria, wakafika Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani. Tarehe 15 Mei 1967, Jaji Abe Fortas, akisema kwa niaba ya majaji walio wengi, alitamka kwamba mtoto aliye katika hatari ya kunyang'anywa uhuru wake ana haki ya kuelezwa mashtaka mapema, kuwa na wakili, kuwahoji mashahidi, na kutolazimishwa kujishtaki mwenyewe.

Sisi katika Tanzania tunayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Sheria hiyo iliweka Mahakama ya Watoto, ikampa mtoto haki ya kuwa na ndugu yake na kuwakilishwa na wakili, na ikakataza mtu aliye chini ya miaka 18 kuhukumiwa kifungo. Hapo huruma na haki zimefungwa nira moja, kama ipasavyo.

Lakini sheria haitembei yenyewe. Mtoto akikamatwa sokoni, je, sisi tulio karibu humwita mzazi wake, au hukimbilia fimbo? Kesi yake inaposikilizwa, je, twafuatana naye, au twamwacha peke yake kwa kuwa ametuaibisha? Hatusemi watoto wasikanywe, la, hasha. Twasema mtoto asikilizwe kwanza, ndipo akanywe. Asiyesikilizwa leo, kesho hatatusikiliza sisi.