Kuzima Kimeng'enya cha Bakteria Sugu: Mchango wa Kompyuta

Mtoto wa Haneti, wilayani Chamwino, anapotibiwa maambukizi ya njia ya mkojo kwa amoksilini na homa ikaendelea, wazazi huweza kudhani kuwa dawa ilikuwa bandia. Mara nyingi dawa huwa nzuri, ila bakteria huivunja kabla haijawaua. Silaha yao ni vimeng'enya viitwavyo beta-laktamasi, ambavyo hukata pete ya kikemikali iliyo kiini cha penisilini na sefalosporini.

Madhara yake si ya kubuni. Utafiti uliofanyika katika Hospitali ya Taifa Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2005 ulihusu watoto wenye maambukizi ya damu. Miongoni mwa walioambukizwa bakteria wenye beta-laktamasi za wigo mpana, asilimia 71 walifariki. Kwa bakteria wa kundi hilo wasio na vimeng'enya hivyo, ilikuwa asilimia 39.

Njia mojawapo ya kupambana nao ni kuipa dawa ya zamani mlinzi. Asidi ya klavulaniki, inayochanganywa na amoksilini, hunasa katika sehemu ya kimeng'enya inayokata dawa. Mkasi uliobanwa na kijiti haukati tena. Asidi hiyo ilipatikana kutoka kwa bakteria wa udongoni. Leo watafiti hawaungojei udongo pekee. Kwa miale ya eksirei hupata ramani ya umbo la kimeng'enya, kisha kompyuta huingiza molekuli moja baada ya nyingine katika tundu lake na kukadiria ipi itashika. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, molekuli milioni 99 zilipimwa kwa kompyuta dhidi ya beta-laktamasi iitwayo AmpC. 44 tu ndizo zilizotengenezwa na kujaribiwa maabara. Uigaji wa kompyuta ulisaidia pia kubuni vaborbaktamu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017 pamoja na meropenemu.

Hata hivyo, makadirio ya kompyuta si tiba. Molekuli iliyoshika vizuri katika kompyuta yaweza kushindwa kupenya ukuta wa bakteria, au ikamdhuru mgonjwa. Aidha, vaborbaktamu haikizimi kimeng'enya cha NDM, ambacho hukata dawa kwa msaada wa zinki na ambacho kiliripotiwa nchini Kenya mwaka 2011.

Kwa kuwa kila kizuizi kipya huweza kuzoewa na bakteria, uhai wake hutegemea pia matumizi ya kila siku. Inapowezekana, mhudumu achukue sampuli ya mkojo kabla ya dozi ya kwanza na kuipeleka maabara inayootesha vimelea. Mgonjwa asinunue antibiotiki bila cheti wala asigawane dozi na jirani. Mtoto ambaye homa yake haijapungua baada ya siku mbili arudishwe kituoni. Asibadilishiwe dawa nyumbani.