Tuuulize Udongo Kwanza

Wasikilizaji wetu, leo twazungumza habari za karanga, na jinsi mkulima na mtafiti wawezavyo kuzijaribu pamoja. Wazee wamesema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Na jaribio ni namna ya kuuuliza udongo.

Twaanza na kosa lililo maarufu. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa karanga katika Tanganyika, kwanza huko Kongwa. Ilikusudiwa kulima zaidi ya ekari 3,000,000. Matrekta yakaletwa, pori likafyekwa, lakini hapakufanywa kwanza jaribio dogo la kutosha. Udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi hukauka ukawa mgumu kama sakafu, hata karanga zikawa shida kung'olewa. Na mvua hazikutosha. Wagogo, wenyeji wa nchi ile, walikuwa wameishi na ukame ule tangu zamani, wala hawakufanywa washirika wa shauri. Mwezi wa Januari 1951 mpango uliachwa, na hasara yake ilikuwa pauni milioni 36 hivi.

Sasa tazameni njia nyingine. Huko Malawi, katika miaka ya 1990, watafiti walianzisha majaribio yaitwayo ya mama na watoto. Shamba mama hulimwa kijijini, na ndani yake njia zote hupandwa kandokando, kila mtu azione. Kisha kila mkulima huchagua njia chache zimpendezazo, akazijaribu katika shamba lake kwa jembe lake mwenyewe: hayo ndiyo mashamba watoto. Mtafiti hupima mavuno. Mkulima husema kama palizi ilimchosha, na mama wa nyumbani husema kama karanga zile hubambuka upesi na kama ni tamu chunguni.

Njia mojawapo ni kupanda karanga pamoja na mbaazi. Mbaazi hukua polepole mwanzoni, hivyo hazizinyimi karanga jua. Karanga zikisha kuvunwa, mbaazi huendelea kukua, na majani yake huanguka yakairutubisha ardhi. Tena mimea yote miwili, kwa msaada wa vijidudu viishivyo katika vifundo vya mizizi, huvuta naitrojeni kutoka hewani. Mahindi yapandwayo pale mwaka wa pili hufaidika. Lakini mbuzi wakiachwa huru baada ya mavuno, huzila mbaazi zote. Jambo hili mtafiti aweza kulisahau, mkulima hawezi.

Nanyi mwaweza kujaribu, hata katika shamba la shule. Pimeni vipande viwili vilivyo sawa, katika udongo ulio sawa. Kimoja kilimwe kwa desturi yenu, cha pili kwa njia mpya. Pandeni siku moja, palilieni siku moja, kausheni mavuno vema, kisha pimeni kwa mizani na kuandika. Wala msihukumu kwa mwaka mmoja, kwani mvua za mwaka mmoja zaweza kudanganya.

Mkulima akikosea shamba lote, watoto wake hulala na njaa. Akikosea kipande kidogo, amepata elimu kwa bei nafuu. Basi mtaalamu akija kijijini, msimwitikie tu kwa adabu. Mwonyesheni shamba, mwambieni mjuayo, na mwulizeni ajuayo.