Orodha za Wapenzi wa Filamu: Jinsi Tovuti Ilivyobadili Sura Bila Kupoteza Yaliyomo

Tovuti nyingi za kwanza zilizotengenezwa na watu kwa mapenzi yao tu, wawe wakusanyaji wa stempu au wasikilizaji wa redio za mbali, zimekwisha kutoweka. Mojawapo ya zile zilizosalia ni ya wapenzi wa filamu, ijulikanayo kama Internet Movie Database, au kwa kifupi IMDb. Sura yake imebadilishwa mara nyingi, lakini habari zilizomo hazikupotea. Sababu ya jambo hilo ni ya kiufundi, nayo ilikuwapo kabla ya tovuti yenyewe.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, washiriki wa kundi la mazungumzo ya filamu katika mtandao wa Usenet walikuwa wakitunza orodha: huyu ya waigizaji wa kike, yule ya waongozaji. Tarehe 17 Oktoba 1990, Mwingereza Col Needham alitoa programu fupi za kutafuta habari ndani ya orodha hizo. Yafaa ieleweke kwamba programu ya namna hii haiwezi kukisia kusudi la mwandishi; kwa hiyo kila mstari sharti ufuate kanuni moja. Jina la ukoo la mwigizaji lilitangulia, likafuata jina lake, kisha filamu, mwaka na jina la mhusika. Hivyo basi:

Bogart, Humphrey   Casablanca (1942)   [Rick Blaine]

Mabano hayo hayakuwa pambo. Filamu mbili huweza kuwa na jina moja, na mwaka ndio uliozitenga. Zilipolingana hata mwaka, ziliongezewa tarakimu za Kirumi.

Mwaka 1993 orodha hizo ziliingizwa katika wavuti, kwenye kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cardiff, Wales. Wakati huo ukurasa wa tovuti kwa kawaida ulikuwa faili lililoandikwa kwa mkono na kuwekwa tayari. Huko Cardiff mambo yalikwenda vingine: msomaji alipouliza habari za filamu, programu ilizisoma orodha na kuutunga ukurasa papo hapo.

Kwa macho ya leo kurasa hizo zilikuwa kavu mno: maandishi meusi juu ya rangi ya kijivu, na viungo vya buluu vilivyopigiwa mstari. Ukavu huo haukuwa uvivu. Modemu ya miaka hiyo ilipitisha katika waya wa simu biti 14,400 kwa sekunde, na kwa kuwa herufi moja huchukua biti 8, hizo ni herufi 1,800 tu. Ukurasa wa herufi 4,000 ulifika kwa muda wa sekunde mbili na ushei. Picha moja ya baiti 50,000 ilihitaji karibu nusu dakika, na gharama ya simu ilikuwa ikihesabiwa.

Mnamo 1995 vivinjari vilivyoenea vilianza kuonyesha majedwali. Watengenezaji wa tovuti waliyageuza kuwa kiunzi cha kuupanga ukurasa wote, wakitumia hata picha zisizoonekana kama vijiti vya kutengea nafasi. Matokeo yalipendeza, ila habari na sura yake zilishonwa pamoja. Vioo vya kompyuta vilipopanuka, mwenye kurasa mia tatu zilizoandikwa kwa mkono alikuwa na kazi mia tatu. Kwa tovuti iliyotungwa kutokana na orodha, kazi ilikuwa moja: kubadili programu.

Mpango huo haukukosa dosari. Hapo awali anwani ya ukurasa ilibeba jina la filamu pamoja na mwaka, na jina likisahihishwa, anwani ya zamani huvunjika. Baadaye kila filamu ilipewa nambari isiyobadilika. Ya Casablanca ni tt0034583.

Aidha, kitu kinachohamishika kwa urahisi huuzika pia kwa urahisi. Mwaka 1996 mradi huo ulifanywa kampuni, na mwaka 1998 ukanunuliwa na Amazon. Mistari iliyoandikwa bure na watu wengi ikawa mali ya mmoja, na hapa pana swali la haki ambalo hakuna kanuni ya mabano iwezayo kulijibu. Ni kweli kwamba orodha zenyewe ziliendelea kutolewa kwa matumizi yasiyo ya biashara. Mwaka 2017 muundo wake wa kale uliachwa, pakawekwa majedwali yanayotambulisha kila kitu kwa nambari.

Mwaka huohuo, tarehe 20 Februari, mabaraza ya mazungumzo ya tovuti hiyo yalifungwa. Maneno ya wasomaji hayakuwa na safu wala mabano, nayo yaliondolewa pamoja na kurasa zake. Jina la Bogart lingalipo, na mwaka 1942 ungali umeandikwa kando ya filamu yake.