Siku ya Mwezi Ilipogeuka Mvua

Mistari mitano tu, na mmoja ulikuwa na kosa ambalo jicho haliwezi kuliona. Namba zilizomo hapa chini nimezitunga kwa ajili ya somo, lakini majina ya mahali ni ya kweli, na kosa lenyewe nimekutana nalo kazini kwa sura hiihii:

```
Katesh      20190412  184
Balangdalalu20190412   67
Yaeda Chini 20190412    0
Haydom      20190412-9999
Irqwa Da’aw 20190412   96
```

Ni mvua ya siku moja, katikati ya masika, wilaya za Hanang na Mbulu, Tanzania. Programu ya kujumlisha ilisoma vizuri mistari minne ya juu. Ule wa mwisho, wa milima ya Kainam ambako Wairaqw wenyewe wanapaita kwao hasa, ulitoa milimita 1.2. Daftari la karatasi lilisema 9.6. Aliyeleta faili alikwisha kulikagua mara tatu, na mimi nikalikagua mara ya nne nisione kitu.

Tuanze na faili lenyewe lilivyo. Hakuna koma, hakuna mstari wa kugawa, hakuna kichwa cha jedwali. Kilichopo ni makubaliano: safuwima ya 1 hadi ya 12 ni jina la mahali, ya 13 hadi ya 20 ni tarehe, ya 21 hadi ya 25 ni mvua kwa sehemu za kumi za milimita, bila nukta. Kwa hiyo 184 ya Katesh ni milimita 18.4. Hii ndiyo data ya upana maalumu: maana ya tarakimu inatokana na mahali ilipokaa, kama kwenye daftari la hesabu lenye miraba tulilotumia shule ya msingi, ambapo ukiiweka 5 kwenye mraba wa jirani umeshabadilisha mamia kuwa makumi.

Mtu asiyejua hayo hukimbilia kugawa kwa nafasi tupu. Akifanya hivyo, Yaeda Chini inakatika kuwa vitu viwili, Yaeda peke yake na Chini peke yake, na mstari unapata safu ya ziada. Balangdalalu ina herufi kumi na mbili kamili, imejaza sehemu yake yote na kugusana na tarehe, kwa hiyo vitu viwili vinakuwa kimoja. Haydom nayo, ile -9999 imejibana kwenye tarehe hadi inafanana na namba ya simu. Hiyo -9999 si mvua. Ni alama kwamba siku hiyo hakuna aliyepima, na inatofautiana kabisa na 0 ya Yaeda Chini, ambako mtu alikwenda kwenye kipima mvua asubuhi akakuta kikavu. Nimewahi kuona wastani wa mwezi ukitoka hasi kwa sababu mtu alizijumlisha zote pamoja.

Dawa ni kuchora rula juu ya data, ndani ya faili lilelile, kwa kihariri matini cha kawaida: Notepad++, Vim, chochote kisichojifanya mwerevu. Yangu huwa na mistari mitatu:

```
         1         2
1234567890123456789012345
JJJJJJJJJJJJTTTTTTTTMMMMM
Katesh      20190412  184
Balangdalalu20190412   67
```

Wa kwanza unahesabu makumi, wa pili mamoja, wa tatu unasema ni sehemu gani: J kwa jina, T kwa tarehe, M kwa mvua. Sasa hata asiyejua kitu anaona Balangdalalu inaishia wapi.

Kuitengeneza rula hii hakuhitaji kuhesabu kwa kidole. Kwa mstari wa mamoja, andika 1234567890 mara moja, nakili, bandika mpaka upite urefu wa data. Kwenye Vim unaandika `3i1234567890` kisha unabonyeza Esc, na kipande kinajirudia mara tatu. Mstari wa sehemu ndio wenye siri, na hapa nina msimamo mkali: usiuchore kwa kuangalia data. Uchore kwa kusoma maelezo ya faili. `12iJ`, Esc, `8aT`, Esc, `5aM`, Esc. Ukimaliza, hesabu jumla: 12 na 8 na 5 ni 25, na mstari wa data uwe na 25. Visipolingana, ama maelezo yanadanganya ama faili, na umejua hilo kabla hujapoteza siku. Anayechora kwa jicho hupata rula inayokubaliana na data daima, hata data ikiwa imeharibika. Ndiyo maana siupendi ule msaada wa Excel wa kugawa matini katika safuwima, unaokuwekea vishale wenyewe kwa kubahatisha. Rula yake ni nzuri, ila vishale vifute kwanza uweke vyako.

Kwa nini mtu ajitaabishe na umbo la zamani hivi wakati koma zipo? Kwa sababu mvua ya zamani imehifadhiwa humo. Tangu tarehe 3 Desemba 2023, tope la Mlima Hanang liliposhuka Katesh na Gendabi na kuua watu zaidi ya 80, swali la mvua ilivyokuwa ikinyesha miaka ya nyuma si la wataalamu peke yao. Na ukitaka kumbukumbu za mvua za kila siku za Afrika Mashariki utajikuta, mapema au baadaye, kwenye hazina ya dunia ya GHCN-Daily inayotunzwa Asheville, Marekani, ambamo vituo vya Tanzania vina namba zinazoanza na TZ. Humo mstari mmoja ni mwezi mzima, herufi 269 bila koma hata moja.

Hizo 269 zinatisha mpaka uzichoree rula. Namba ya kituo safuwima 11, mwaka 4, mwezi 2, aina ya kipimo 4. Mvua ni PRCP. Hapo ni 21. Kisha siku 31, kila siku safuwima nane: tano za kipimo na tatu za alama za ukaguzi. Nane mara 31 ni 248. Jumlisha 21, unapata 269. Mwezi wenye siku 30 nao hupewa 31, na siku isiyokuwapo hujazwa -9999. Kwa hiyo rula yake, baada ya zile 21 za mwanzo, naiandika hivi:

```
01...mqs02...mqs03...mqs04...mqs
```

na kuendelea mpaka 31. Kila kipande kina safuwima nane na kimebeba namba ya siku yake. Ukitaka Aprili 12 huhesabu chochote. Unatafuta 12 kwenye rula na kushuka chini. Kwa hesabu ni safuwima ya 110 hadi ya 114, lakini nani ana muda? Herufi m, q na s ni zile alama tatu. Ya kwanza ndiyo ya kutazama kwa mvua: ikiwa T, kipimo kimeandikwa 0 lakini matone yalianguka, machache mno kupimika. Mkulima wa Basotu, Hanang, anayengoja kupanda anaijua tofauti hiyo.

Umbo hili lilitoka kwenye kadi za kutobolewa. Kadi ya IBM ya mwaka 1928 ilikuwa na safuwima 80, na data ililazimika kuenea humo; koma ingekula nafasi ya tarakimu. Kadi za kawaida zilichapwa namba za safuwima kwa maandishi madogo, kuanzia 1 hadi 80, kwa hiyo rula ilikuja na karatasi. Serikali ya Tanzania iliweka kompyuta yake ya kwanza Wizara ya Fedha mwaka 1965, enzi za kadi hizo. Kadi zilipotoweka, upana ulibaki na namba zilizochapwa zikaondoka. Tunachofanya kwenye kihariri ni kuzirudisha.

Rula ina masharti yake. Fonti iwe ya upana sawa, kama Courier au Consolas, ambamo i na M zinachukua nafasi ileile. Ukiwa na Times New Roman safu zinayumba. Zima ule uvunjaji wa mistari mirefu. Kitufe cha Tab usikiguse, kwa kuwa kinaonekana kama nafasi kadhaa lakini faili linakihesabu kimoja. Na angalia kama kihariri chako kinafuta nafasi tupu mwishoni mwa mistari wakati wa kuhifadhi. Vingi vinafanya hivyo kwa nia njema, na kwenye data hii nafasi tupu ni sehemu ya data.

Nilitimiza masharti hayo yote kwa faili letu la mistari mitano, na rula ikasema halina kosa. Jina safuwima 12, tarehe 8, mvua 5, mistari yote mitano imenyooka kama uzi. Mashine iliendelea kusoma 1.2.

Kilichonifungua macho ni ukubwa wa faili. Mstari wa herufi 25 pamoja na alama ya kushuka mstari ni baiti 26. Mara tano ni 130. Kompyuta ilisema 132. Baiti mbili za ziada, na mahali pa kujificha palikuwa pamoja tu.

Tazama tena Irqwa Da’aw. Katikati ya a mbili pana kituo kidogo cha sauti kooni, na wengi hukiandika kwa kibainishi. Kwenye kibodi kibainishi ni kijiti kilichonyooka, cha baiti moja. Lakini orodha ya majina ilikuwa imechapwa kwanza kwenye Word, na Word hubadilisha kijiti kuwa kile kilichopinda kama mkia, kipendeze. Katika UTF-8, mfumo wa kuandika herufi uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, kilichopinda kinachukua baiti tatu. Kwenye skrini ni herufi moja, na rula inaihesabu moja. Programu ya kujumlisha ilikuwa ya zamani, ikihesabu baiti. Kwake tarehe ilianza baiti mbili mbele, na ilipofika kuchukua safuwima ya 21 hadi ya 25 ikakuta tarakimu mbili za mwisho za tarehe na nafasi tatu tupu:

```
12   
```

Kumi na mbili. Tarehe 12 Aprili imekuwa mvua ya milimita 1.2. Kama ingekuwa namba ya ajabu tungeishtukia, lakini 1.2 ni mvua ya kawaida kabisa. Na kosa lingejirudia kwa kituo hicho kila siku yenye mvua isiyofika milimita 10: tarehe mosi milimita 0.1, tarehe 30 milimita 3.0, mvua inapanda polepole mwezi mzima kisha inaanza upya. Anayechora grafu angeona meno ya msumeno. Anayejumlisha tu asingeona kitu.

Kwa hiyo kabla ya kuiamini rula, uliza inahesabu nini. Vim inakuambia ukiiruhusu ioneshe mahali kilipo kishale: ukikiweka kwenye w ya mwisho ya Da’aw, chini pembeni kunatokea 13-11, yaani baiti ya 13, safuwima ya 11. Kistari hicho kikitokea kwenye data ya upana maalumu, simama. Notepad++ haikuoneshi hivyo, lakini unaweza kutafuta herufi zote zisizo za baiti moja na kuziona zimeorodheshwa.

Mbulu kunahitaji uangalifu huo kuliko sehemu nyingi, kwa kuwa Kiiraqw kina sauti za koo ambazo alfabeti ya Kiswahili haina. Wanaisimu hutumia mkwaju kwa mojawapo ya sauti hizo, na hiyo ni baiti moja, salama kwa upana. Atakayeandika kwa ʕ ya kifonetiki ajue amechukua mbili. Sisemi majina yakatwe ili kuifurahisha programu ya miaka ya themanini. Makarani wamekwisha kuyanyoa vya kutosha. Weka namba ya kituo kwenye data na jina kamili kwenye orodha ya pembeni, na kibainishi chake kipinde kitakavyo.

Jambo la mwisho, na hili nimelifanya mwenyewe. Rula ikimaliza kazi, ifute kabla ya kutuma faili. Ukisahau, mstari wa mamoja utasomwa kama kituo kinachoitwa 123456789012, chenye tarehe 34567890 na mvua 12345. Hiyo ni milimita 1,234.5 kwa siku moja. Nilitegemea mtambo wa ukaguzi ungeikataa. Uliipitisha, na haukukosea kwa kipimo chake: Januari 1966, Foc-Foc kisiwani Réunion, zilinyesha milimita 1,825 kwa saa 24.