Mapacha Wasiokula Sahani Moja

Nyuma ya nyumba moja ya matofali mabichi katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, nilionyeshwa mimea miwili iliyopandwa wiki moja, hatua tatu tu kati yake. Wa kwanza ni mwaridi, uliotokana na kijiti kilichoombwa kwa jamaa Lilongwe. Wa pili ni mche wa makadamia kutoka kitalu cha kando ya barabara. Mwenye ua, mama wa makamo kutoka Kivu ya Kusini, alikuwa na huzuni ya mtu aliyejitahidi bure.

"Mwalimu, nimewalisha sawasawa kama mapacha," aliniambia. "Samadi ya kuku ileile, maji yaleyale. Mbona huyu ananenepa na mwenzake anakwisha?"

Mwaridi ulikuwa umefika kiunoni na una machipukizi mekundu yenye afya. Mche wa makadamia ulikuwa na majani machanga ya manjano, mishipa peke yake ndiyo iliyobaki kijani. Mtu akiona manjano hudhani ni njaa, naye huongeza mbolea. Mama huyu alikuwa ameongeza mara mbili. Kilichokuwa kikiuumiza mti wake ni shibe.

Makadamia asili yake ni misitu ya mvua ya Queensland na New South Wales, mashariki mwa Australia, ambako udongo una fosforasi haba. Mti huu na fosforasi wamejuana kwa shida, kwa hiyo umejitengenezea mizizi ya kubangaiza. Karibu na uso wa ardhi huota vishada vya vijizizi vyembamba, vimesongamana kama nyuzi za burashi, vinavyotoa asidi ya kubandua fosforasi iliyonata kwenye chembe za udongo. Jamaa zake wapo hata hapa Malawi: protea zinazochanua kwenye uwanda wa Nyika na mlima Mulanje ni wa ukoo huohuo. Mizizi ya namna hiyo ikimwagiwa fosforasi tele haijui kukataa. Huivuta, ikajaa kwenye majani, ikazuia kazi ya madini ya chuma, na jani bila chuma haliwezi kutengeneza ukijani wake. Mti unashinda na njaa ya chuma huku umezungukwa na chakula.

Samadi ya kuku ina fosforasi nyingi kuliko ya mbuzi au ng'ombe. Na mbolea ya kupandia iliyozoeleka zaidi kwa wakulima wa mahindi Malawi kwa miaka mingi ilikuwa ile iliyoandikwa 23:21:0+4S. Naomba kila anayepanda mti huu aisome namba ya pili kwenye mfuko. Hiyo 21 ndiyo fosforasi, kwa kipimo cha viwandani: kilo 10 na nusu katika mfuko wa kilo 50. Mahindi huishangilia. Ukiweka viganja viwili ndani ya shimo la mche wa makadamia, umeutilia sumu kwa nia njema. Sisemi mti huu hauhitaji fosforasi kabisa. Katika udongo uliochoka sana wataalamu huiongeza, ila kidogo na baada ya kupima.

Mwaridi ni kiumbe mwingine kabisa. Waridi za bustani zimechaguliwa na watu kwa karne nyingi ili zichanue, zikatwe, zichanue tena. Kila ua unalolipeleka mezani limeondoka na chakula cha mmea, na deni hilo lazima lilipwe. Mpe samadi iliyooza vizuri mwanzoni mwa mvua na tena baada ya kupogoa. Katika eneo la Lilongwe pogoa mwezi wa Julai, baridi inapokaribia kuisha: toa matawi makavu na yanayopishana katikati, bakiza machache yenye nguvu, kata juu kidogo ya jicho linalotazama nje. Baada ya wiki sita hadi nane utaona maua. Mvua za Desemba hadi Machi zitakuletea madoa meusi kwenye majani, ambayo ni ukungu. Okota majani yaliyoanguka, na mwagilia chini kwenye udongo, asubuhi, bila kulowesha majani.

Dzaleka maji hupatikana kwa foleni, na mtu aliyebeba ndoo kichwani hana haja ya kuambiwa kuwa maji ni kazi. Mwaridi unataka maji ya kutosha mara mbili au tatu kwa wiki wakati wa kiangazi, nayo maji ya kusuuzia vyombo yanafaa kama hayana sabuni nyingi. Makadamia mchanga, kwa miaka miwili ya kwanza, mpe ndoo ya lita 20 kwa wiki kuanzia Mei hadi mvua zirudi Novemba, kisha funika udongo kwa mabua ya mahindi au maganda ya karanga, ukiacha kiganja kimoja wazi kuzunguka shina ili mchwa na uozo visilifikie. Matandazo hayo yakioza ndicho chakula kinachoufaa zaidi. Tafadhali msiyachome.

Mti wa makadamia ukikomaa unapenda mvua ya milimita 1,000 na kuendelea kwa mwaka. Uwanda wa Lilongwe hupata pungufu ya hapo kwa kawaida, ndiyo maana mashamba makubwa yako Thyolo, kando ya chai, na wakulima wadogo wameufuata kwenye miinuko ya Ntchisi na Dowa. Dzaleka iko wilaya ya Dowa, kwa hiyo mama huyu hakukosea mti. Alikosea mahali. Mti utapita mita 10, mizizi yake ya juujuu huufanya uangushwe na upepo, na kivuli chake kitaunyima mwaridi saa sita za jua unazohitaji kila siku. Nilimshauri auhamishe mwaridi, kwa kuwa ndio unaovumilia kung'olewa. Nikamwambia pia amshawishi jirani apande makadamia ya aina nyingine, maana miti ya aina mbili inayochavushana kwa nyuki huzaa vizuri kuliko mmoja ulio peke yake.

Likabaki suala la muda. Mche uliobebeshwa huanza kuzaa mwaka wa nne au wa tano. Uliotoka kwenye mbegu husubiri saba au zaidi. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994 kwenye eneo lililokuwa gereza, kilomita 45 hivi kutoka Lilongwe, na sasa ina watu zaidi ya 50,000. Mkimbizi hamiliki ardhi hii, na kila familia inaishi kama itakayoondoka kesho. Namuelewa anayechagua ua la wiki nane. Lakini makadamia iliyopandwa mwaka ule wa 1994 ingekuwa imezaa kwa zaidi ya miaka 20, na watoto wengi wamezaliwa hapa na kukua chini ya jua kali, bila kivuli cha mti huo.

Tuliikwangua samadi yote na kuitupia kwenye shimo jipya la mwaridi. Miezi mitano baadaye mche ulitoa majani mapya, kijani iliyokolea, yenye miiba midogo pembeni kama inavyopasa. Mama alikuwa ameitwa kwenye usaili wa kuhamishiwa nchi ya tatu, hajui jibu litakuja lini. Alimwita kijana wa jirani, akamshika mkono na kumwonyesha mahali pa kumwaga ndoo: si kwenye shina, bali huku nje, pale kivuli cha majani kinapoishia.