Dawa ya kifafa kwa mtu asiye na kifafa

Kibahasha cha dawa cha dirishani hospitali huandikwa kwa kalamu: jina la mgonjwa, Tegretol 200, kisha 1x2. Kikifika nyumbani, iwe Konde, Kojani au Kangani huko Pemba, haupiti muda kabla hakijakutana na mtu anayeijua dawa hiyo, labda jirani ambaye mwanawe huanguka. Hapo swali linazuka: hii ni dawa ya kifafa, na huyu wetu lini aliwahi kuanguka? Wengine hudhani daktari amekosea. Wengine huona haya, kana kwamba mtu wao amebandikwa maradhi ya pili. Vidonge vinawekwa juu ya kabati, na baada ya wiki chache mgonjwa huenda akarudishwa hospitali akiwa amefungwa kamba.

Daktari hakukosea. Dawa mbili za kifafa, kabamazepini (ndiyo hiyo Tegretol) na valproeti, zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya maradhi ya bipola pia, pamoja na lithiamu.

Bipola humpeleka mtu huku na huku: kipindi cha huzuni nzito, na kipindi cha mania. Mwenye mania hulala saa mbili tatu akaamka na nguvu tele. Maneno humtoka mfululizo, fedha anazigawa, shamba analitangazia bei ya kutupa, na anayemzuia anaonekana adui. Hali hiyo ikidumu wiki nzima, au ikamlazimu kulazwa hata kabla ya hapo, si furaha tena. Msimu wa karafuu unaweza kuficha mwanzo wake, kwani kila mtu yuko mbioni na kukesha si ajabu. Familia hushtuka pale msimu unapopoa na yeye hapoi.

Mania iliyopamba moto kwa kawaida hutulizwa kwanza kwa haloperidoli, olanzapini au risperidoni. Uchambuzi wa mwaka 2011 uliokusanya majaribio 68 na wagonjwa zaidi ya 16,000 uliziweka hizo mbele kwa nguvu. Kwa nini basi dawa za kifafa? Kwa sababu mania hurudi. Dawa bora ya kuizuia ni lithiamu, ambayo John Cade wa Australia aliripoti mwaka 1949 kuwa hutuliza mania, lakini kipimo chake kinachotibu kiko karibu mno na kinachodhuru. Inataka damu ipimwe mara kwa mara, figo na tezi zichunguzwe. Pasipo na maabara ya uhakika ya kupima lithiamu, kuitoa ni hatari, na kwa kisiwa kama Pemba, ambacho hospitali ya maradhi ya akili ya nchi yake, Kidongo Chekundu, iko ng'ambo ya bahari Unguja, hilo si jambo dogo.

Dawa za kifafa ziliingia katika kazi hii kwa macho ya madaktari waliokuwa wakiangalia vizuri. Pierre Lambert wa Ufaransa aliandika mwaka 1966 kuhusu dawa ya jamii ya valproeti kwa wagonjwa wa mania. Miaka michache baadaye madaktari wa Japani, akiwemo Teruo Okuma, wakaona kabamazepini ikifanya kazi kama hiyo. Jaribio lililokata mzizi wa fitina kwa valproeti lilichapishwa Marekani mwaka 1994: wagonjwa 179 waligawanywa makundi matatu, na kwa muda wa wiki tatu karibu nusu ya waliopewa valproeti walipata nafuu kubwa, sawasawa na wa lithiamu, ilhali kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa ilikuwa robo tu.

Valproeti na kabamazepini zote hutuliza seli za neva zinazofyatuka ovyo. Lakini maelezo hayo hayatoshi, na hapa ndipo wasomaji wengi hupotea: si kila dawa ya kifafa inatibu mania. Gabapentini na topiramati zilijaribiwa zikashindwa. Lamotrijini husaidia kuzuia huzuni ya bipola, si kushusha mania. Na fenobabitoni, ambayo ndiyo dawa ya kifafa inayojulikana zaidi vijijini, si tiba ya mania. Kuazimana vidonge kwa jirani mwenye kifafa ni hatari tupu.

Valproeti ina sharti moja lisilo na mjadala. Ikitumiwa wakati wa ujauzito, karibu mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa na kasoro kubwa ya mwili, ikiwemo uti wa mgongo usiofunga, na watoto 3 hadi 4 kati ya 10 huchelewa kusema, kutembea au kujifunza. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani linashauri isitolewe kwa wanawake na wasichana wanaoweza kushika mimba. Mume na mama mkwe walijue hili pia, maana mara nyingi wao ndio wanaofuata dawa. Mwanamke ambaye tayari anaitumia asiiache mwenyewe kwa hofu. Aende kwa daktari haraka abadilishiwe.

Kabamazepini nayo si salama kabisa kwa mjamzito, na huliamsha ini livunje dawa nyingine upesi. Vidonge na vijiti vya uzazi wa majira hupungua nguvu, haloperidoli vilevile. Upele, vidonda mdomoni au homa katika wiki za mwanzo ni sababu ya kurudi hospitali siku hiyo hiyo. Pasipo dalili kama hizo, kuacha dawa hizi hufanywa polepole, kwa wiki nne au zaidi, chini ya uangalizi wa daktari.

Familia nyingi zitapita pia kwa mganga au kwa shehe wa kusoma ruqya. Muuguzi mwenye busara hagombani nao kuhusu kombe. Anachoomba ni kwamba kisomo kiendelee na vidonge visikatwe.

Ramadhani inataka mpango wake. Utafiti mdogo wa Morocco uliochapishwa mwaka 2000 uliwafuata wagonjwa 20 wa bipola waliokuwa wakitumia lithiamu; karibu nusu walirudiwa katika mwezi huo, wengi kwa mania. Utafiti mwingine wa Pakistan, wa mwaka 2010, haukukuta madhara hayo kwa wagonjwa waliokuwa wametulia. Kinachoweza kupangwa ni dawa na usingizi. Kidonge cha mara mbili kwa siku huingia wakati wa futari na daku, na anayeamka kula daku anahitaji kulala mapema au kufidia mchana. Anayeshindwa kulala kabisa arudi kliniki mara moja, na ruhusa ya kufungua kwa mgonjwa iko wazi. Mazungumzo hayo yafanyike Shaabani, mgonjwa akiwa bado mzima wa kuyashiriki.